Mpwa Wangu Anataka Kupanda Darini

Kila mwezi, mshahara wangu ukiwa bado njiani, Bodi ya Mikopo imeshachukua fungu lake: asilimia 15. Nilipoanza kazi ilikuwa asilimia 8. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, na sisi tuliokopa tukajikuta tunakatwa karibu mara mbili. Silalamiki. Hela ile niliila, nikalala kwenye kitanda ilichokilipia, na mwisho wake nikavaa joho na kupiga picha na wazazi. Shahada yangu ni ya sosholojia. Kazi yangu ni bima. Tangazo la kazi lilitaka mtu mwenye shahada ya kwanza “katika fani inayohusiana”, na siku ya usaili hakuna aliyeniuliza sosholojia inahusianaje na magari yaliyogongana. Walitaka cheti. Nikakitoa kwenye bahasha ya kaki, wakakitazama, wakanirudishia.

Nayasema haya mapema ili ijulikane anayeongea ni nani. Wengi wanaosimama kwenye majukwaa na kuwahubiria vijana kwamba ufundi ndio dili, shahada zimepitwa na wakati, wana shahada zao kabatini, na watoto wao hawajawahi kukanyaga chuo cha ufundi cha VETA. Ushauri wa aina hiyo hutolewa kwa watoto wa wenzao. Mimi nilidhani sitawahi kuombwa ushauri huo, mpaka dada yangu aliponipigia simu kutoka Morogoro.

Mwanawe wa kwanza alimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili), akapata daraja la tatu. Si matokeo ya kuficha. Vyuo vya kumpokea vipo. Lakini katika ile miezi mirefu ya kungoja, ambayo vijana wengi huimalizia kwenye simu, aliingia kwa fundi umeme mmoja wa Kihonda, hukohuko Morogoro, kama saidia fundi: kubeba ngazi, kutindua ukuta ili mabomba ya waya yapite, kuvuta waya darini. Matokeo yalipotoka akamwambia mama yake kwamba haombi chuo kikuu. Anataka umeme.

“Nimemsomesha mpaka form six,” dada akaniambia, “leo aniambie anataka kupanda darini na popo?”

Akanitaka mimi, mjomba mtu, niongee naye. Kwa jinsi alivyolisema neno “uongee naye” nilielewa kwamba natakiwa kumtisha.

Hofu ya dada ina asili yake, na asili hiyo naijua kwa sababu tumelelewa nyumba moja. Sisi ni watoto wa seremala wa Keko. Aliyepita barabara ya Chang'ombe anapajua: makochi yamepangwa mpaka karibu na lami, vitanda vimesimamishwa wima kama milango, vumbi la mbao limetanda kila mahali. Baba alitengeneza vitanda vya mninga na makabati ya mkongo. Mfanyabiashara akileta mbao na kuapa kwamba zimekauka, baba aliigonga moja kwa kifundo cha kidole, akaisikiliza, akairudisha bila kubishana. Msumari aliutumia kwa shingo upande. Kiungo kwake kilikuwa ulimi na tundu, gundi kidogo, na kubanwa usiku kucha. Vipo vitanda vyake ambavyo juu yake wamezaliwa watoto, na watoto hao sasa wamezaa.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa msibani. Yasiyosimuliwa ni kwamba siku asipofanya kazi, siku hiyo nyumbani hapakuwa na kitu. Uzee ulipomfikia, ulimfikia na mgongo uliogoma na kifua kilichojaa miaka ya msasa. Kiinua mgongo hakikuwapo. Kulikuwa na watu waliomwita “fundi” kwa muda mrefu bila kujua jina lake, na wengine walioagiza kabati la thamani kubwa, wakalipa advansi, kisha wakapotea hadi mbao zikaanza kupinda. (Najua, mafundi nao hupotea na advansi. Nani hajaambiwa “njoo kesho” na fundi cherehani wiki ya Idi?) Alipokwenda kupima jikoni kwa mtu, alipitia mlango wa nyuma. Alivua viatu bila kuambiwa.

Kwa hiyo aliyetusukuma shule kwa nguvu kuliko wote hakuwa mwalimu, alikuwa yeye. Hakutaka hata mmoja wetu ashike randa. Nikimkuta anapiga randa na kutaka kujaribu, alinionesha daftari kwa kidevu. Nimewasikia wasomi wakisema jamii yetu inadharau ufundi, kana kwamba dharau hiyo iliingia kutoka nje. Kwetu iliingia na baba, jioni, ikiwa imebeba mkate. Mtu aliyeijua kazi yake kuliko yeyote ninayemfahamu ndiye aliyeapa kwamba itakufa naye. Dada yangu analinda kiapo hicho, ndiyo maana kumtetea mpwa wangu si kazi ndogo.

Na wazee wa rika la baba walikuwa na hesabu nzuri. Oktoba 1961, chini ya miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo chetu kikuu cha kwanza kilifunguliwa kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kumi na wanne kwa nchi nzima! Aliyetoka hapo hakutafuta kazi. Kazi ilimngoja ikiwa na nyumba na gari. Ndani ya miaka mitano tu wasomi walishajiona watu wa daraja lao. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mshahara wakiwa huko. Nyerere aliwafukuza karibu 400, na katika hasira hiyohiyo akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi mwaka uliofuata akatoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililosema waziwazi kwamba shule isiwe ngazi ya wachache kuwakimbia wakulima.

Lilikuwa wazo zuri. Mimi nilikutana nalo likiwa limeshafika shuleni kwetu, na huko lilikuwa na sura nyingine. Shule ilikuwa na shamba, na jembe lilikuwepo. Aliyechelewa namba alifyeka nyasi. Aliyepatikana akiongea Kiswahili sekondari, mahali palipobandikwa tangazo la kuongea Kiingereza tu, alichimba kisiki. Aliyepiga kelele darasani alimwagilia bustani. Je, aliyeongoza darasa alipewa nini mbele ya wazazi siku ya kufunga shule? Daftari na kalamu. Ukilelewa hivyo miaka saba ya msingi na minne ya sekondari, hakuna haja ya mtu kukueleza kwa maneno. Mwili wenyewe umeshajua kwamba jembe ni la waliokosea. Halafu unafikisha miaka kumi na tisa, waziri anasimama kwenye televisheni anasema vijana mpende kazi za mikono, na wewe unashangaa umekosa nini.

Nadhani hilo lilituharibu kuliko mtaala wowote. Mtaala hubadilishwa kwa waraka. Adhabu hukaa mwilini.

Upande wa pili, ile hesabu ya wazee imeshabadilika na hawakuarifiwa. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa, kwa sababu hakuna ukumbi ambao ungewatosha: zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 70. Picha zile zilisambaa sana. Vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki, wamevaa mashati meupe na tai, bahasha ya kaki mapajani. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2017, serikali ilitangaza kwamba imebaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kughushi ni kosa, sina utetezi. Ila nilijiuliza swali ambalo sikumsikia mtu akiliuliza: hao wote walikuwa wakifanya nini kazini siku zote hizo? Kama walikuwa wakiharibu, mbona ilibidi vikaguliwe vyeti ndipo wagundulike? Na kama walikuwa wakifanya kazi vizuri, kile cheti kilikuwa kinapima nini?

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama shahada moja moja badala ya kuziita zote kwa jina moja. Daktari akihitimu haachwi peke yake na mgonjwa. Anapita utarajali, mwaka mzima chini ya macho ya waliomtangulia. Mhandisi anayetoka chuo kikuu na shahada ya miaka minne bado si mhandisi mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kuna mpango wa miaka mitatu wa kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa. Aliyesoma sheria hasimami mahakamani kama wakili mpaka apite Shule ya Sheria kwa Vitendo. Shahada ambazo hakuna anayezitilia shaka, ukizifungua ndani, utakuta mwanagenzi na fundi wake. Nadharia imewekwa mbele, uanagenzi umewekwa nyuma, lakini upo, na unalindwa na sheria. Zile nyingine, kama yangu, zilikata kile kipande cha nyuma zikabaki na joho.

Lakini siwezi kusema nilitoka mikono mitupu. Mwaka wa tatu, mhadhiri aliyesimamia utafiti wangu wa mwisho (nilichunguza maisha ya wauza chipsi wa Sinza, jambo lililomchekesha sana baba) alinirudishia sura ya kwanza ikiwa nyekundu. Niliandika “watu wanaamini”. Pembeni akauliza: watu gani, umewauliza wangapi, lini? Nikaandika upya, akairudisha tena. Nilimchukia muhula mzima. Leo nikiletewa dai la ajali, na maelezo yanasema “ilionekana gari lilikuwa kasi”, mkono wangu unaandika pembeni wenyewe: lilionwa na nani, akiwa amesimama wapi? Katika miaka mitatu ya mihadhara, mtu mmoja aliishika kazi yangu mkononi, akaigonga, akairudisha. Kama kuna kitu ninachokilipia asilimia 15, ni yule.

Basi nilimwuliza mpwa wangu swali moja tu aliponitembelea. Nilimwuliza kwa nini waya wa soketi ni mnene kuliko waya wa taa.

“Wa taa ni 1.5, wa soketi ni 2.5, mjomba.”

“Najua. Kwa nini?”

“Ndivyo fundi anavyofanya.”

Na jiko la umeme je? Akasema hilo fundi huweka mnene zaidi. Kiasi gani? Akanyamaza, akacheka. Nikachukua kikaratasi. Jiko la wati 3,000 ukiligawa kwa volti 230 unapata ampia 13 na kidogo. Weka la wati 6,000, ampia zinakuwa mara mbili, waya uleule unaanza kupata joto ndani ya ukuta ambako hakuna anayeuona. Ni hesabu ya fizikia ya sekondari, tuliyoifanya wote kisha tukaiacha, yeye alipochagua HGK na mimi nilipochagua yangu. Aliishika haraka. Nilimwona akiitazama dari yangu kwa jicho jipya, na mimi nikaanza kuitilia shaka.

Sitaki kumdharau fundi wake. Amefunga nyumba nyingi pale Kihonda na taa zinawaka. Tatizo la umeme ni kwamba kuwaka hakuthibitishi kitu. Taa inawaka bila waya wa ethi, ule wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. Friji inagandisha bila ethi. Mwenye nyumba anahamia, anafanya dua ya kufungua nyumba, kila mtu anasifu, mpaka siku bati la friji linaposhika umeme na mtoto analigusa akiwa peku. Seremala akikosea, kitanda kinalia usiku na jirani anajua. Fundi umeme kosa lake linaweza kukaa kimya muda mrefu sana. Ndiyo maana kazi hiyo inatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, na ndiyo maana ukitaka TANESCO wakuunganishie umeme wanataka uthibitisho wa mkandarasi mwenye leseni hiyo.

Mpwa wangu alinieleza, bila kuona ajabu, inavyokwenda kwa fundi wake. Fundi hana leseni. Nyumba inafungwa na yeye na vijana wake, kisha anatafutwa mwenye leseni, anapewa chake, anagonga muhuri. Wakati mwingine hafiki hata kuiona nyumba. Nimelifikiria sana jambo hili. Mwenye karatasi anamuuzia mwenye mikono, na anayelala chini ya nyaya hizo hajui kwamba vitu viwili ambavyo vingepaswa kuwa ndani ya mtu mmoja vilikutana kwa dakika tano tu, kwenye meza, juu ya fomu.

Kwa hiyo kubaki saidia fundi nilimkatalia. Sikumkatalia kwa sababu ya dari. Nilimkatalia kwa sababu nimeshaona kinachowapata vijana wanaofundishwa na mtu asiyetaka wajue. Jirani yetu mmoja wa zamani alimpeleka mwanawe gereji. Kijana alikaa huko akiosha vipuri kwa mafuta ya taa, akinunua chai, akisukuma magari yasiyowaka. Injini ilipofunguliwa pale penyewe, fundi alimtuma dukani. Aliporudi ilikuwa imefungwa. Fundi alijua kwamba akimfundisha, kesho kijana anafungua gereji yake ng'ambo ya barabara. Zamani Pwani mwanagenzi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba mbele ya watu, na fundi alikuwa na sababu ya kumfikisha mwisho, kwa sababu heshima na malipo vilikuwa mwishoni. Gereji ile haikuwa na mwisho. Kuna wanaume wenye watoto wanaoendelea kuitwa saidia fundi.

Kuna pia kipande ambacho baba hakuwa nacho na ambacho hakuna fundi aliyempa, kwa sababu waliomfundisha nao hawakuwa nacho: daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu ilipotea kweli, bila habari. Baba aliweka bei kwa kumtazama mteja usoni. Mbao zilipopanda hakujua ni kazi ipi iliyompa faida na ipi aliyoifanya bure. Hakuwa na mkataba wa maandishi na yeyote, kwa hiyo wale waliokimbia waliondoka salama. Shule moja kubwa iliwahi kumtaka atengeneze madawati mengi. Wakaomba ankara, namba ya mlipakodi, na barua ya zabuni. Akaja nyumbani akanitazama. Nilikuwa kidato cha pili, na nilijua kuandika barua ya kuomba ruhusa tu. Kazi ile ikaenda kwa mtu ambaye, kwa taarifa nilizozipata, hajawahi kushika msumeno, ila ofisi anayo. Yeye akaja Keko kutafuta mafundi wa kumtengenezea. Baba alikuwa mmoja wao.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akisema fundi hahitaji darasa, huwa nayakumbuka madawati yale.

Tuje kwenye hela, maana dada alikuja nazo akidhani ndizo zitakazonishinda. Hoja yake: chuo kikuu kuna mkopo, ufundi hakuna. Yuko sahihi, na usahihi wake ndio unaoniudhi. Kwenye vyuo vya VETA vya serikali, ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kozi nyingi za sanaa katika vyuo vikuu vya umma ada yake huzunguka shilingi milioni 1 kwa mwaka, kabla hujala. Lakini anayekwenda chuo kikuu akipata mkopo analipiwa sehemu ya ada na kupewa bumu la kula na kulala, ambalo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Mwaka 2023/24 wakaongezwa wanafunzi wa diploma kwa fani chache za kipaumbele. Anayesomea ufundi stadi hana bumu. Na akimaliza, siku anayoihitaji sana hela, siku ya kununua drili, ngazi, mita ya kupimia umeme na buti, anaambiwa kuna mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ajiunge na kikundi. Kwa hiyo nchi iko tayari kumkopesha mtu miaka mitatu ya chakula ili asome sosholojia, na haiko tayari kumkopesha mwingine kisanduku cha zana ambacho kingeanza kulipa ndani ya mwezi. Nasema haya nikiwa nimekula chakula hicho.

Dada alikuwa na hoja nyingine aliyoitoa mwisho, kwa sauti ya chini kidogo. “Na akienda kuposa je?” Hapo sikuwa na jibu la vitabu. Ni kweli wapo wakwe wanaouliza kijana amesoma wapi kabla ya kuuliza anakula nini. Nilimwambia tu kwamba mabinti wa siku hizi nao wako VETA wanachomelea vyuma, na huenda mkwe wake akaja na mashine ya kuchomelea begani. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo.

Tulichokubaliana hakimfurahishi mtu yeyote kabisa, na labda ndiyo sababu kimekubalika. Kijana ameingia VETA kusomea umeme, kutwa, anaishi kwa mama yake. Mwishoni mwa wiki anarudi kwa fundi wake, safari hii akiwa na maswali, na nasikia fundi ameanza kuyapenda. Juzi walibishana kuhusu ethi ya nyumba moja na mwenye nyumba akaamua upande wa kijana. Akimaliza ngazi ya tatu atasimama atazame. Njia ya kupanda ipo: stashahada, halafu shahada ya uhandisi akitaka, na fundi wake naye, kama atakubali kupimwa, kuna utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani, apate cheti cha kile anachokijua tayari. Mpwa wangu ndiye anayembembeleza. Kwa upande mwingine, chuoni kwake wamo wenye shahada. Mmoja ana ya utawala wa biashara. Alikuja kwa kozi fupi ya kufunga mifumo ya sola, na vijana wenzake humwita “bosi” kwa utani, kisha huenda kwake wakitaka kuandikiwa makadirio ya kazi.

Sharti langu kwake lilikuwa moja: aniambie kila Jumapili jioni nani ameikagua kazi yake wiki hiyo, na amekosoa nini. Akija wiki mbili mfululizo akisema hakuna aliyekosoa kitu, iwe ni VETA au kwa fundi, tutatafuta mahali pengine. Mpaka sasa anakuja na orodha. Nyingine ndefu mno, nami humwambia asimwoneshe mama yake.

Kilichobaki ni zana. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp ambalo hutumika kwa misiba, harusi na mahafali. Binti wa kaka yetu mkubwa alipohitimu chuo kikuu, ahadi zilimiminika: ukumbi, keki, fulana zenye picha yake, mshehereshaji, na bado zikabaki za kununua zawadi. Nilichangia na nilicheza. Mwezi uliopita nikaweka tangazo la zana za mpwa wetu, kila kitu na bei yake. Waliojibu ni dada, mimi, na mama mdogo wa Kigoma, ambaye alituma 20,000 bila kuuliza ni za nini. Wengine waliweka vidole gumba. Kaka mkubwa aliandika akiuliza kama huko chuoni hawapewi vifaa. Nimemjibu kwamba wanapewa, vya chuo hubaki chuo, na nikamtumia tena bei ya drili.